Vekta isiyojulikana siyo uchawi

Mhariri, naomba kanafasi. Kijana wangu yuko kidato cha nne hapa Kigoma, juzi kaja kanuna na swali la vekta, yaani kiasi chenye ukubwa na mwelekeo kinachochorwa kama mshale, eti x haijulikani na darasani waliambiwa wakariri tu. Nikamwambia we fikiria mtumbwi unarudi mwaloni Kibirizi, unatakiwa uende mashariki kilomita 7 na kaskazini 5, upepo umeshausukuma mashariki 3 na kusini 1, sasa imebaki safari gani? Mashariki 7 toa 3 ni 4. Kwenye kaskazini ndo wengi wanapigwa chenga, kusini 1 ni hasi 1 kwahiyo 5 toa hasi 1 inakuwa 6 siyo 4! Basi x, yaani safari iliyobaki, ni (4, 6), mashariki kwanza halafu kaskazini, jumlisha na (3, -1) unarudi kwenye (7, 5) ileile. Walimu wetu, mbona mnawatisha watoto na mishale ubaoni wakati ziwa lipo hapo nje?

Mzazi, Kigoma