Mama, Deo si Capone

Chicago, mwishoni mwa Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua kuuma na ile dawa ya kuchua imekufikia. Mwambie Manka akusomee barua hii mkiwa wawili tu, na simu isiingie mkononi mwa baba mdogo, maana yeye ndiye aliyeniharibia wiki nzima. Mimi ni mzima. Baridi imeanza lakini nina koti zuri, hilo lisikusumbue.

Ile sauti aliyotuma kwenye grupu la ukoo nimeisikiliza hadi mwisho. Wote wameisikia, wa Arusha, wa Dodoma, mpaka mke wa Kanuti ambaye hata hatujui aliingizwa na nani. Eti Anna anakula hela za majambazi wa kizungu, anawatangaza mchana kutwa kwenye kipaza sauti, lakini mdogo wake wa tumbo moja, Deo, akikamatwa na madumu ya gongo anajifanya hamjui. Halafu akamalizia na lile la kunichoma, kwamba mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa pombe.

Nianze na kazi yangu, kwa kuwa ndiyo aliyoishikia bango. Mama, mimi sasa si dereva tena. Msimu huu yule aliyekuwa anasimulia kwenye basi la watalii aliacha kazi ghafla, abiria wamejaa, meneja hajui afanye nini. Nikamwambia anipe kipaza sauti, hadithi zote ninazo kichwani kwa kuzisikia kila siku nikiwa kwenye usukani. Tangu hapo usukani kashika mwingine na mimi nasimama mbele. Wazee wenye mvi, Wamarekani waliozaliwa hapa hapa, wananisikiliza mimi mtoto wa Kibosho nikiwaeleza mambo ya babu zao, kwa Kiingereza hiki hiki cha masista. Wakishuka wanapiga makofi na kuacha bakshishi. Bakshishi hizo ndizo zilizoezeka jiko lako. Baba mdogo alikaa chini ya bati hizo Pasaka akatafuna mbavu, asisahau.

Sasa nieleze ninachowaambia, uamue mwenyewe kama nawasifu.

Tarehe 17 Januari 1920 Marekani nzima ilipiga marufuku kutengeneza, kusafirisha na kuuza pombe. Siku hiyo hiyo kijana mmoja wa Brooklyn, Alphonse Capone, ndiye huyo Al Capone aliyekuja kuwa bosi wa genge la pombe hapa Chicago, alikuwa anatimiza miaka 21. Abiria wangu hucheka hapo. Walioipigania sheria kwa nguvu walikuwa wanawake wa kanisa, na makao ya umoja wao yalikuwa Evanston, hapa kaskazini tu ya jiji. Walichoka na waume wanaopokea mshahara Jumamosi na kufika nyumbani na mifuko mitupu. Nikilieleza hilo huwa nakukumbuka wewe. Ungejiunga nao na kadi ungechukua, halafu Ijumaa ungelowesha ulezi wako kama kawaida.

Sheria yenyewe haikukataza kunywa. Aliyejaza ghala la nyumba yake kabla ya siku ile aliruhusiwa kunywa mpaka chupa ya mwisho, kwa hiyo tajiri hakupata shida. Daktari aliweza kukuandikia wiski kama dawa, ukaichukua duka la dawa na cheti mkononi. Aliyebaki na kiu ni mtu wa kiwandani, na hapo ndipo magenge yalipopata mlango.

Johnny Torrio, mtu wa genge hapa Chicago, aliuona mlango huo mapema kuliko wote. Bosi wake, Jim Colosimo, hakutaka kuhangaika na biashara ya bia, na Mei 1920 akapigwa risasi ndani ya mgahawa wake mwenyewe. Hakuna aliyehukumiwa. Torrio akagawa jiji vipande, huyu auze huku, yule kule, na Capone akiwa mkono wake wa kulia. Upande wa kaskazini alikuwa Dean O'Banion, Mwairishi mwenye duka la maua. Novemba 1924 wanaume watatu waliingia dukani, mmoja akamshika mkono kama anayemsalimia, hakuuachia, wenzake wakamfyatulia risasi. Hakuna aliyehukumiwa vilevile. Duka lile lilitazamana na kanisa kuu la Holy Name, ndilo ninalosali mimi, Mama. Utotoni O'Banion aliimba kwaya humo. Miaka miwili baadaye mrithi wake, Hymie Weiss, aliuawa kwa bunduki za rashasha mtaa ule ule, na risasi zikachimba jiwe la msingi la kanisa. Jumapili nikitoka misa napita hapo na rozari yangu, huku watalii wa kampuni nyingine wanapiga picha ukuta.

Kisha nawapeleka North Clark Street, kwenye kiwanja cha nyasi. Ndipo lilipokuwa gereji ambamo tarehe 14 Februari 1929 watu saba walipangwa ukutani na kumiminiwa risasi, wawili kati ya wauaji wakiwa wamevaa sare za polisi. Jengo lilibomolewa 1967. Abiria wanapenda sana kituo hiki. Wanashuka, wanatazama nyasi, wanapanda tena wameridhika. Mmoja wa wale saba, Frank Gusenberg, alifikishwa hospitali angali hai, ana matundu ya risasi mwili mzima, polisi wakamuuliza nani kampiga. Akasema hakupigwa na mtu. Akafa hivyo hivyo.

Baba mdogo akisikia hayo anaona Deo. Hapo ndipo anapokosea, na ndiyo sababu nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, maana kwenye simu hanipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Deo si Capone. Deo ni mpishi. Kuna sehemu ya safari yetu ambayo watalii huifuatilia kwa uvivu, Taylor Street, mtaa wa Waitaliano. Ndugu sita wa ukoo wa Genna walikuwa na kibali cha serikali cha kuuza spiriti za viwandani, na nyuma ya kibali hicho wakasambaza mitambo midogo kwenye majiko ya watu maskini. Familia ilipewa sukari na vifaa, ikalipwa dola 15 kwa siku kulinda moto usizimike. Kibarua cha kiwandani hakikukaribia pesa hiyo. Mtaa mzima ukanuka molasi. Mitambo ililipuka, watu wakaungua na watoto wao, na polisi wakawa wanapita kila mwezi kupokea chao, kwa orodha. Wakati wa kufungwa, alifungwa mwenye jiko. Genna alikuwa na suti na gari.

Sasa niambie, Mama, yale mapipa ya kwa Deo yaliletwa na nani? Wewe unamjua, mimi namjua, kijiji kizima kinaijua ile pikapu inayopanda usiku kutoka Himo. Siku polisi walipokuja mbona yeye hakuwepo, na mbona wiki hii hii kaonekana baa anachomesha mbuzi? Baba mdogo anamtetea Deo kama mfanyabiashara aliyeonewa, na wale wa kanisani wanamsema kama jambazi. Wote wanampa cheo ambacho hana. Na ile mashine ya kusaga niliyoituma fedha zake mwaka juzi, mkanijulisha kwamba motor imefika na msingi umechimbwa, naiulizia tena leo kwa mara ya mwisho. Kama ndizo zilizonunua mabomba ya shaba, basi niambiwe na Deo mwenyewe, nisiambiwe na mke wa Kanuti.

Kuhusu kusomeshwa kwa pombe. Ni kweli, na sijawahi kuona haya. Hata abiria wangu nimewaambia. Ila ulikuwa unapika mbege. Ndizi za kihamba chetu na ulezi wa sokoni, ushuru unalipa, risiti unachomeka kwenye ile kopo ya Kimbo. Wanaokunywa wanakaa kwenye mabenchi yetu wanakujua kwa jina, na ikiharibika wanarudi kukudai. Anayekunywa gongo ya dumu anajua nini kimetiwa humo? Hapa serikali yenyewe iliagiza spiriti za viwandani zitiwe sumu ili zisinyweke, magenge yakaziiba, yakajaribu kuichuja ile sumu, ikabaki. Krismasi ya 1926 hospitali za New York zilijaa watu waliokunywa methanoli, ndiyo sumu hiyo, wengine wakapofuka, wengine wakafa. Majirani zetu Kenya wamezika watu kwa makumi kwa pombe ya namna hiyo hiyo, si jambo la zamani. Na ajabu ni kwamba mpaka leo sheria ya Marekani inatenganisha kama ninavyotenganisha mimi. Bia ya kunywa mwenyewe unaruhusiwa kupika nyumbani, tangu enzi za Rais Carter, lakini ukichemsha gongo yako jikoni ni kosa la serikali kuu. Msomee baba mdogo sehemu hiyo kwa sauti.

Sasa hela. Mmeomba milioni mbili, na Manka kaandika "faini". Mama, faini ya serikali ina kontrol namba. Nitumieni hiyo namba na mimi nitalipa siku hiyo hiyo. Kama hakuna namba, ila kuna mtu wa kuonana naye jioni nyuma ya duka ili mmalizane, sitoi hata shilingi. Si kwamba nimekuwa Mzungu. Nasimulia kila siku jiji lililoliwa hivyo. Palikuwa na mwandishi wa habari hapa, Jake Lingle wa Chicago Tribune, mshahara wake dola 65 kwa wiki, anatembea na mkanda wenye buckle ya almasi aliyopewa na Capone. Alipouawa Juni 1930 kwenye njia ya chini ya ardhi akiwahi treni, jiji likamlilia kama shujaa, mpaka ilipoonekana hesabu za benki yake. Mtu mkimalizana naye mara moja anajua njia ya kwenu.

Capone mwenyewe hawakumpata kwa damu hata moja. Walimpata kwa kodi. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ilikuwa imesema hata kipato cha haramu kinatozwa kodi, na yeye alikuwa hajawahi kujaza fomu. Ofisa mmoja wa kodi, Frank Wilson, akavumbua vitabu vya hesabu vya nyumba ya kamari ya Capone huko Cicero, mji jirani na Chicago, vilikamatwa 1926 vikasahauliwa. Oktoba 1931 akahukumiwa miaka 11 na faini ya dola 50,000. Faini yenye risiti, Mama.

Baba mdogo atasema, lakini Capone aliwapa maskini supu. Aliwapa, South State Street, 1930, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, foleni ikizunguka nyumba. Sibishi. Na yule wa pikapu akigawa nyama msibani kwa Deo, watu watakula.

Ninayemfikiria zaidi ni mama yake Capone, Teresa. Aliishi South Prairie Avenue, nyumba ya matofali ya kawaida kabisa. Frank, mwanawe, aliuawa na polisi huko Cicero siku ya uchaguzi, Aprili 1924. Al alitoka gerezani 1939 akili imeharibika kwa kaswende, akafa 1947, na Teresa akabaki hai miaka mingine mitano. Na yule mkubwa wa wote, Vincenzo, alitoroka nyumbani akiwa kijana akafuata sarakasi, akaishia Nebraska, akajiita Richard Hart. Unajua alikuwa na kazi gani? Ofisa wa serikali wa kuvunja mitambo ya pombe! Miaka na miaka majirani hawakujua ni ndugu yake nani. Kuna siku nikiwa kwenye basi natamani nimtumie baba mdogo hadithi hiyo, halafu nakumbuka mwisho wake: uzeeni Hart alifilisika, na aliyemtumia pesa ni Ralph, mdogo wake wa kwenye genge. Basi hiyo Manka aikalie kimya.

Krismasi siji. Nauli zimepanda na desemba ndiyo yenye bakshishi, watu wanataka kuona mitaa ya majambazi ikiwa na theluji. Naona picha za mabasi ya Dar yamejaa watu wa kupanda mlimani, kila mtu na mfuko wake, nazima simu. Mtori nilijaribu, ndizi za hapa zinatoka Ecuador, haukushika.

Wakili nimempata kupitia mtoto wa mzee Temba, yuko Moshi mjini, atakwenda kumwona Deo Jumatatu na malipo yake nimeshayafanya mimi moja kwa moja. Deo amwambie ukweli wote, na wa pikapu. Akitoka, aende kwa shangazi Same mpaka mvua zikatike. Hela ya dawa yako na ya sikukuu inaingia kwenye simu ya Manka Ijumaa, mnunue mchele kabla haujapanda. Na kama Paulina wa padre bado anakuja huku Februari, mpe kilo mbili za ulezi mwekundu, uliooteshwa na kukaushwa tayari, aufunge ndani ya nguo. Nina ndoo kubwa na kibali cha Carter.

Wasalimie wote, baba mdogo wa mwisho.

Mwanao,
Anna