Kwangua ncha tu

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Umeniandikia kwamba msumari wenu, mliouzungushia waya wa betri ili uwe sumaku, haukunasa hata pini moja, ilhali betri ilikuwa mpya na waya ukapata moto. Huo moto ndio ulionistua. Waya niliokupa ni ule ninaosukia mota, una vanishi nyembamba ya kuzuia umeme, ambayo macho hayaioni upesi. Nadhani mliikwangua yote mpaka shaba ikang'aa. Vanishi ikitoka, mizunguko inagusana na umeme unapita njia ya mkato, hauuzunguki tena msumari. Kwangueni ncha mbili tu, zile zinazogusa betri.

Usiidharau vanishi hiyo. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme, ishara kwamba umeme huzaa usumaku. Baadaye Mwingereza William Sturgeon alizungushia waya mtupu kwenye chuma chenye umbo la U. Alikuwa amepaka vanishi chuma, si waya, kwa hiyo ilibidi aache nafasi baina ya mizunguko. Mmarekani Joseph Henry akauvika hariri waya wenyewe, akaubananisha tabaka juu ya tabaka, na mwaka 1831 sumaku yake ikainua zaidi ya kilo 900! Kila mzunguko huongeza nguvu yake kwa wenzake, mradi yote izungushwe upande mmoja. Msumari ulio ndani huikuza nguvu hiyo mara nyingi.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba umeme ukikatika, chuma laini huachia. Chukua kengele ya umeme. Koili, yaani waya uliozungushwa kama wenu, inavuta kipande cha chuma, nyundo inagonga, lakini kwa kuvutwa huko chuma kinaachana na sehemu inayopitisha umeme. Usumaku unakwisha, springi inakirudisha, umeme unapita tena. Mlio wote ni huko kukata na kuunga. Stata ya gari, rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme), spika ya redio, zote zina koili ndani.

Rudieni jaribio, ila msiache betri imeungwa muda mrefu, na msithubutu kuunga waya huo kwenye soketi ya ukutani. Ongezeni mizunguko kidogo kidogo, mhesabu pini kila mara, kisha uniandikie mmepata nini. Likizo ikifika kuna pangaboi hapa la kusukwa upya. Koili ya kwanza utasuka wewe.

Baba yako