Risala ya klabu ya mazingira kwa mgeni rasmi: mikoko ya pwani na makorongo ya kwetu Dodoma

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na walezi mliotoka mbali, shikamooni na karibuni sana kwenye haya mahafali ya kidato cha nne. Sisi klabu ya mazingira tumepewa dakika chache na tumeamua zote ziwe za mikoko. Tunajua wengi mnajiuliza mikoko na Dodoma wapi na wapi, hata sisi mwaka jana tulipoambiwa tunaenda Bagamoyo kupanda mikoko tulichowaza ni kuogelea tu.

Mgeni rasmi, tulienda. Maji yalikuwa yamekupwa, tukavua viatu tukazama kwenye tope mpaka magotini, tope jeusi linanuka kama yai viza, kila mtu na mbegu zake mkononi. Hizi mbegu za mkoko zina maajabu, mana zinachipua zikiwa bado zinaning'inia kwenye mti mama, zinakuwa ndefu za kijani kama bamia iliyonyooka, zikikomaa zinadondoka, nyingine zinajichomeka hapohapo kwenye tope na nyingine zinaelea mpaka zipate pa kushika. Sisi tukazichomeka kwa mistari mizuri kabisa, tukapiga picha, tukarudi nyumbani na furaha. Miezi 7 baadae mzee mmoja mvuvi wa kule akampigia simu mwalimu wetu akamwambia karibu yote imekufa. Tuliumia sana jamani, kuna wenzetu walilia.

Mwalimu akaiweka simu spika darasani, mzee akatufundisha. Akasema wanangu pale mlipopanda ni uwazi, mawimbi yanapapiga moja kwa moja na tangu nimezaliwa sijawahi kuona mkoko pale, mikoko iko aina nyingi na kila mti una mahali pake, mlilana ndo unasimama mbele kwenye mawimbi, mkoko wenyewe wa hizo mbegu ndefu unafuata nyuma, mkandaa uko ndani zaidi. Halafu akasema penye mikoko iliyokatwa mara nyingi hata kupanda sio lazima, kama mtu alijenga tuta la bwawa la chumvi lifungueni maji yaingie na kutoka kama zamani, watu waache kukata boriti, mbegu zitaletwa na bahari yenyewe.

Hapo ndo tulipotazamana mgeni rasmi, mana hicho anachosema mzee ni kisiki hai! Sisi watu wa Dodoma tunakijua, mti umekatwa juu lakini mizizi iko hai chini, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapunguza mengine, unafunga kitambaa ili watu wajue usikatwe, mbuzi wasikaribie, bas. Hujanunua mche, hujachimba shimo, na mgunga unarudi kwa haraka kuliko mche unaomwagilia kwa ndoo.

Na kuna jingine, mgeni rasmi, hili ndo linatunyima usingizi. Tulifungua ramani tukafuata Kinyasungwe kwa kidole, mto wetu huu ambao kiangazi ni mchanga mtupu na mvua ikinyesha milimani unakuja kwa kishindo, unapita Gulwe na Godegode, unaingia Mkondoa kule Kilosa, Mkondoa unaingia Wami, na Wami unamwaga baharini Saadani, kwenye mikoko! Yaani udongo wa korongo la nyuma ya bweni letu unaweza kufika kule. Mikoko inahitaji tope, sawa, lakini likija jingi kwa mpigo linafukia mizizi ya kupumulia, ile ya mchu, aina nyingine ya mikoko, inayochomoza juu kama penseli, mti unakosa hewa unakufa. Wazazi waliokuwepo mwaka 2010 wanakumbuka mafuriko ya mto huu yalivyoing'oa reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, ule udongo wote haukuishia relini. Na upande wa bwawa la Mtera ni hivohivo, maji yake yanashuka na Ruaha Mkuu mpaka Rufiji, kwenye delta yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki, ambako kamba na samaki wadogo wanalelewa kati ya mizizi kabla ya kwenda bahari kuu.

Kwahiyo mwaka huu hatujaenda kupanda. Tumefunga vitambaa kwenye visiki 63 kuzunguka shule na tumeziba vikorongo 2 kwa mawe, kazi ya Jumamosi, mikono imetoka malengelenge.

Changamoto yetu kubwa ni mifugo, mana uzio hatuna na hatutaki kugombana na majirani. Pia kuna mashamba yamelimwa mpaka kwenye kingo za mto wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka mtoni ziachwe, na sisi watoto hatuwezi kumwambia mtu mzima ahame. Tunaomba mgeni rasmi utusaidie uongee na uongozi wa kata wakae na wenye mashamba kwa upole, wapewe muda, na wafundishwe kisiki hai humohumo shambani. Tunaomba pia nauli ya basi turudi kwa yule mzee, safari hii tukafungue lile tuta alilotuambia.

Kisiki namba 14 nyuma ya bweni la wasichana hatujakigusa, kina machipukizi 11 na panga liko tayari. Ukimaliza hotuba yako tunaomba uje ukipogoe wewe.

Naomba kuwasilisha.