Kabla ya kusema "si babu", tazameni vifungo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaokusanya picha za ukoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Tukuyu, na nusura tumfute babu yetu kwa sababu ya kovu.

Baada ya msiba mwaka jana tuliamua kuandika ukoo wetu. Kwenye sanduku la shangazi ikatoka picha ya studio, nyeusi na nyeupe: mwanaume kavaa kofia na shati jeupe, mkono kauweka juu ya kiti. Shangazi akasema, "Huyu ni baba, aliporudi Wenela," yaani shirika lililopeleka vibarua kwenye machimbo ya dhahabu Afrika Kusini, walikokwenda vijana wengi wa huku kabla ya Uhuru wa 1961. Sasa, babu alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Wa kwenye picha, kovu liko kulia. Binamu zangu wakapiga kura (ndiyo, kura!) kwamba shangazi haoni vizuri. Mmoja akaandika nyuma kwa wino: "Hajulikani." Wino umepenya hadi shavuni.

Niliichukua nyumbani. Uso niliuacha, nikatazama shati, maana ndiyo kazi yangu. Shati la kiume mfuko hukaa kifuani kushoto. Vifungo hushonwa kulia, matundu kushoto. Hili mfuko ulikuwa kulia na vifungo vimekaa kama vya blauzi. Fundi gani angemshonea mwanaume hivyo? Ndipo nikakumbuka mpiga picha mmoja mzee alivyonieleza: wakati wa kuchapa picha, filamu ikilazwa upande usio wake, picha hutoka imegeuka. Nikaisimamisha mbele ya kioo. Mfuko ukarudi kwake, na kovu likahamia kushoto.

Shangazi nilipomwonesha hakushangaa. Aliuliza kama chai imeiva.

Mtakaokwenda kwa wazee Krismasi, andikeni kwa penseli laini, pembeni. Tena msiulize, "Huyu si babu?" Mzee atawaitikia tu ili mnyamaze. Mpeni picha mkononi, ulizeni, "Nani huyu?" halafu subirini. Shangazi tulipompa nafasi alimtaja hata mtoto aliyejificha nyuma ya kiti, ambaye sisi tulimdhania kivuli.

Neno "Hajulikani" bado liko pale nyuma. Anayejua namna ya kulitoa bila kuiharibu picha, atueleze kupitia gazeti hili.

Fundi cherehani,
Tukuyu, Mbeya