Mtoto kuota maziwa mapema sio lazima kachezewa

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili limenikaa rohoni. Huku mtaani mtoto wa kike akianza kuota maziwa yuko darasa la pili tu, basi kesi ishahukumiwa, kachezewa huyo, na asipochezewa basi kala sana kuku wa kisasa. Mtoto anabanwa maswali mpaka analia. Jamani, maziwa hayaoti kwa kuguswa. Kama kuna dalili mtoto kaumizwa hilo lisifichwe, liripotiwe, lakini hili la mwili kuwahi lina vipimo vyake.

Chini ya miaka 8 ni mapema, apelekwe hospitali. Daktari anaanza kwa kupapasa ajue kama ni titi kweli au mafuta tu, watoto wanene hao wanatudanganya sana, kisha anapima urefu na kuuliza ameanza kurefuka ghafla lini. Damu inaangaliwa homoni, hasa LH inayotoka kwenye tezi ya chini ya ubongo, na kwa kuwa balehe ikianza hiyo homoni hupanda kwanza usiku mtoto akiwa amelala, wanapenda kuchukua damu asubuhi. Majibu yakiwa ya katikati anachomwa sindano ya kuiamsha ile tezi halafu damu inachukuliwa tena. Kuna na eksirei ya mkono wa kushoto, kuona mifupa imekomaa kiasi gani.

Sasa ultrasaundi ndo inaogopwa, kuna mama kaniambia hataki mwanae akapimwe bikira. Hapana bwana! Mtoto anakunywa maji kibofu kijae, anapakwa jeli chini ya kitovu, kifaa kinapita juu ya ngozi, basi, haingizwi kitu. Kizazi cha mtoto mdogo ni chembamba kama bomba, homoni zikianza kazi kinarefuka na kunenepa juu, kikivuka kama sentimita 3.5 hivi ni dalili balehe imeanza kweli. Ovari, yaani vifuko vya mayai, nazo zinaangaliwa, na uvimbe kama upo. Ila picha peke yake haitoshi, inasomwa pamoja na damu.

Na wanaochelewa je? Miaka 13 hana hata dalili ya maziwa, au 15 hajavunja ungo, watu wanasema karogwa. Huyo naye anapimwa damu: FSH, homoni nyingine ya tezi ileile, ikiwa juu sana maana yake ovari hazifanyi kazi. Mwingine maziwa anayo, tumbo linamuuma kila mwezi, kumbe damu imenasa ndani hakuna njia ya kutokea, na ultrasaundi inaonyesha kabisa.

Anayewahi akiachwa hivihivi mifupa inafunga mapema anabaki mfupi, wakati sindano za kusimamisha balehe zipo.

Ombi langu kwa wapima picha: mwambieni mtoto na mama yake kabla hajapanda kitandani kwamba jeli ni ya baridi, chupi inashushwa kidogo tu, na mama anakaa humohumo ndani.

Mama wa mabinti, Tanga