Vifaa vya usikivu vinavyoishia kabatini

Ndugu Mhariri,

Kila inapofika Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani, magazeti hutoa picha za wazee na watoto wakivishwa shimesikio, kifaa kidogo cha kumsaidia mtu kusikia, kwa mara ya kwanza. Tunazipenda picha hizo. Tunaomba wasomaji waelezwe pia yanayofuata, maana vifaa vingi huishia kabatini vikiwa vizima kabisa.

Ndani ya kifaa mna maikrofoni inayonasa sauti, chipu inayoichuja na kuikuza, na spika ndogo inayoipeleka sikioni. Huko kuchuja ndiko kwenye kazi. Wazee wengi husema, "Nakusikia, ila sikuelewi," na ndugu hudhani ni ukaidi. Sivyo. Umri na kelele huharibu kwanza usikivu wa sauti nyembamba, na konsonanti kama s, f na t zimo humo. Irabu zina nguvu, hupita. Mwambie mtu huyo saa, taa, kaa, paa au faa, naye hupata "aa" tu. Ukimpigia kelele unaikuza hiyo hiyo "aa".

Ndiyo maana kifaa hupangwa kwa kufuata odiogramu, mchoro unaoonyesha kila sikio linaanza kusikia kwenye desibeli ngapi, yaani sauti ikiwa na nguvu kiasi gani, kwa sauti nzito hadi nyembamba, kwa kawaida kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 250 hadi 8,000. Vile vikuza sauti vinavyouzwa bila kipimo huinua kila kitu, honi ya bodaboda ikiwemo, na vinaweza kuliumiza sikio ambalo bado lina uwezo. Na kabla ya kipimo sikio lichunguliwe: nta iliyoziba iondolewe, usaha utibiwe.

Lalamiko kubwa ni mluzi. Hutokea sauti iliyokuzwa inapovuja na kurudi kwenye maikrofoni. Chanzo mara nyingi ni moldi, kile kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio la mtu mwenyewe. Toa kifaa sikioni kikiwa kimewashwa, uzibe tundu la moldi kwa kidole. Mluzi ukikoma, uvujaji uko sikioni: moldi haijaingia sawasawa, imelegea, au kuna nta. Ukiendelea, tazama mpira unaounganisha moldi na kifaa, huenda umepasuka. Mpira huo hukakamaa, na unapaswa kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Mtoto mdogo anahitaji moldi mpya mara kwa mara kwa kuwa sikio lake linakua. Mzazi asiyeambiwa hivyo hupunguza sauti ili mluzi ukome, na mtoto anarudi kwenye ukimya akiwa amevaa kifaa.

Betri nyingi zisizochajiwa za vifaa hivi ni za zinki na hewa. Rangi ya kibandiko huonyesha saizi: njano ni 10, kahawia 312, chungwa 13, bluu 675. Bandua kibandiko, iache betri ivute hewa dakika moja au mbili, ndipo uitie. Ikishabanduliwa imeanza kuisha hata kama haitumiki, na kukirudisha kibandiko hakuiokoi. Saizi 13 hudumu takriban wiki moja hadi mbili. Usiku fungua mlango wa betri. Ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza, hospitali papo hapo.

Kwetu pwani adui mwingine ni jasho na unyevu. Kifaa kilale ndani ya kopo lenye kifuniko na vichembe vya silika vinavyonyonya maji. Moldi huchomolewa na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikaushwe mpaka ndani ya mpira. Tone moja humo linatosha kuzima sauti. Kifaa chenyewe hakioshwi, hupanguswa kwa kitambaa kikavu.

Siku za mwanzo sauti ya mvaaji humrudia kama anazungumza ndani ya mtungi, na vyombo vya jikoni humkera. Aanze saa moja au mbili kwa siku ndani ya nyumba tulivu, akiongeza taratibu. Ubongo huchukua wiki kadhaa kuzoea. Nanyi mnaozungumza naye, sogeeni hadi umbali wa mita moja au mbili, mbele yake, penye mwanga. Kifaa hakirudishi sikio la ujanani, na sokoni bado atapata shida.

Ombi letu ni kwa wanaofadhili ugawaji. Aliyepanga kugawa vifaa 100 ni afadhali agawe 50, na fedha iliyobaki inunue betri za mwaka mzima, moldi za kubadilisha, mipira, na nauli ya mtaalamu kurudi baada ya mwezi mmoja kurekebisha sauti.

Wahudumu wa usikivu,
Tanga