Barua kwa Somoe: zile glavu zirudishe dukani

Newala, 14 Novemba

Mwanangu Somoe,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo. Mama yako hajambo, Issa naye hajambo, yumo kwenye mitihani ya kidato cha nne na halali. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize, mama. Nina neno moja tu, nalo ni zile glavu ulizonunua kwa kazi ya mlimani huko Austria.

Picha uliyomtumia Issa nimeiona. Nimeikuza mpaka ikafifia. Kiganja kile si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki, reksini ile ile wanayovishia makochi, na hata kazi hujaanza tayari kwenye panda, pale kidole gumba kinapoachana na cha shahada, pameanza kubanduka na uzi mweupe unachungulia. Wewe ukaandika, "Baba, nimepata kwa bei nzuri." Kama risiti unayo, zirudishe. Kama huna, ziwe za kwendea dukani na chuoni. Mlimani usipande nazo.

Kazi yenyewe nimeielewa ulivyoieleza. Kusimama kwenye kituo cha viti vya kamba, vile vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma na kuwapandisha watu mlimani, kukishika kiti kinapofika ili watu wakae, kuwapokea watoto, kuondoa theluji kwa sepetu alfajiri kabla wageni hawajaja. Mgeni anashika fimbo zake mbili, jioni anarudi hotelini, wiki ikiisha anakwenda kwao. Wewe utashika chuma kutwa, mpaka likizo iishe. Issa amenionyesha kwenye simu hizo mbao za ski, za kufunga miguuni na kuteleza kwenye theluji. Pembeni zina kingo za chuma, na kingo hizo wananoa kwa tupa ili zishike barafu. Kitu cha kunolewa kwa tupa kinakwaruza hata ngozi nzuri, sembuse reksini. Ukipokea mbao za watu asubuhi mpaka jioni, kiganja hicho hakimalizi mwezi.

Koti umenunua la maana, na viatu pia, nimeviona, soli imeshonwa vizuri. Nilipoviona nilimwita mama yako aje atazame. Halafu ulipofika kwenye mikono ndipo ukabana hela! Binti wa fundi viatu. Mambo ya kibandani sina haja ya kukukumbusha, unayajua, na ndiyo maana nimeudhika. Angefanya hivyo mtoto wa mtu mwingine nisingesema neno.

Sasa tafuta hivi. Ngozi ya mbuzi kwanza. Nyuzinyuzi zake ni ndogo na zimeshikana, kwa hiyo inakuwa nyembamba na bado ngumu kuchanika, na vidole vinakunjika bila kushindana nayo. Ya ng'ombe ni nene zaidi na inavumilia sana kusuguliwa, ila mwanzoni inakaza, mpaka uizoeshe. Kwa kazi yako ningependa kiganja cha ng'ombe na mgongo wa mbuzi, lakini ukipata ya mbuzi tupu yenye kiraka cha pili kiganjani na kwenye panda, chukua. Ya paa ni laini, utaipenda ukiigusa dukani, lakini inavutika ikilowa. Iache.

Halafu uliza ni tabaka gani. Ngozi nene hupasuliwa, ukapata la juu lililokuwa na manyoya na la chini lenye manyoyamanyoya kama swedi. La chini linafyonza maji. Wanalipaka rangi likang'aa, mtu anadhani ni lile la juu. Wewe likunje kwa kidole gumba: la juu linatoa mikunjo midogo midogo isiyolingana, ukiliachia inapotea. Lililopakwa linakunjika mstari mmoja mpana, na likizeeka hupasuka hapo hapo. Tazama pia pale ngozi ilipokatwa, pembeni ya shingo ya glavu. Ukiona nyuzinyuzi, ni ngozi. Ukiona kitambaa, weka chini, toka. Ukiona ndani yake pana rangi ya kibuluu au kijivu usiogope, hiyo imelainishwa kwa dawa ya kromu, na kwa glavu ndiyo inayofaa, haikakamai upesi ikilowa. Ile ya kulainishwa kwa magome ninayotumia mimi ni ya soli na mikanda.

Kuna jambo la nguruwe. Baadhi ya glavu za kazi ni za ngozi ya nguruwe. Ni imara, siwezi kusema uongo kwa sababu ya dini. Lakini wewe huwezi kuvaa hiyo halafu uje unishike mkono, basi itambue. Isogeze machoni: matundu ya nywele zake yamekaa matatu matatu, kama pembetatu, ngozi nzima. Ya mbuzi matundu yake hayajipangi hivyo. Na geuza ndani pia, maana nje waweza kukuta mbuzi na bitana ikawa ya yule yule.

Mshono. Vuta vidole viwili kwa upande, kwa nguvu, muuzaji akikukodolea macho mwache. Ukiona mwanga kati ya tundu na tundu, uzi umelegea. Kwenye gumba na kiganjani pawe na mistari miwili ya uzi. Glavu haifi kwa ngozi, mwanangu, inakufa kwa uzi. Ngozi ikikatika katikati utakuwa umeonewa, lakini uzi ukiachia ni wewe hukutazama.

Bitana iwe ya kuchomoa. Hili nalisisitiza kwa sababu jasho la mchana ndilo baridi la jioni, na bitana iliyoshonewa ndani haikauki usiku mmoja. Ya sufu ni nzuri. Ya pamba hapana, pamba ikinywa jasho inalishika. Na vaa ndani glavu nyembamba kabisa, ili ukivua ile kubwa kufunga zipu au kubonyeza kitu, chuma kisiguse kidole kitupu. Chuma kinanyonya joto la mkono upesi mno.

Ukipima, vaa na hiyo nyembamba. Kunja ngumi. Ikibana, damu haipiti, na kidole kisichopata damu hakipati joto hata ukikivika ngozi ya ng'ombe mzima. Ncha za vidole zibakiwe na nafasi ndogo tu. Usinunue pana ukisema utavaa na soksi, ngozi yenyewe itaachia kidogo. Wenzako wenye kusimama tu huvaa zile za vidole vinne chumba kimoja, na kweli zina joto zaidi kwa kuwa vidole vinapashana. Nunua na hizo ukiweza, za kuvaa wakati wa kusubiri. Lakini kiti huwezi kukishika nazo vizuri.

Nirudi kwenye vidole. Unaniona nasema sana, na Issa ameshaniambia, "Baba, Ulaya wanajua baridi yao." Wanajua, ndiyo. Mji wenu wa Innsbruck ulifanya Olimpiki ya majira ya baridi 1964 na tena 1976, hapakosi mzee pale kazini anayejua glavu kuliko mimi. Mtafute, umwonyeshe hizo zako. Sidhani kama atanyamaza.

Mimi najua mikono. Mama yako vidole vyake unavijua, ila kuna ambalo hujaambiwa. Walipotaka watu wote wasajili laini za simu kwa alama za vidole, tulikwenda naye. Mashine ikasoma kidole gumba changu mara moja. Cha kwake ikakataa, wakajaribu cha shahada, cha kati, wakampangusa kwa kitambaa, wakajaribu mkono wa pili. Ncha zote laini, zinang'aa, hazina mistari. Ni yale mafuta ya ganda la korosho, yanaunguza. Kule kiwandani alikobangua walipaka majivu, wakati mwingine mafuta ya nyonyo, basi, wakaingia kazini. Yule kijana wa mashine akamuuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Akajibu, "Nilisomesha." Glavu zilikuwapo dukani miaka ile, zikining'inia mlangoni, nilikuwa nazipita nikienda kununua gundi.

Kwa hiyo zirudishe.

Baridi nalo linaunguza, na hila yake ni kwamba linaanza kwa kuuma halafu linaacha kuuma. Kidole kikikuchoma na kuwa chekundu, hapo bado una nafasi: ingiza kwapani, ingia ndani, mwambie mkubwa wako. Kikiwa cheupe au cha kijivujivu, kigumu, na ukikigusa husikii, hiyo ni hatari, mwone daktari. Usikisugue. Usikisugue kwa theluji hata akikwambia nani. Wala usikiweke motoni au kwenye hita, maana kidole chenye ganzi kinaungua mwenyewe hujui. Maji ya uvuguvugu tu, joto la mwili, na kama utalazimika kutoka tena kwenye baridi usikipashe kwanza, kikiganda mara ya pili kinaharibika zaidi. Haya nimemuuliza mganga wa hapa zahanati, akanitazama ajabu, lakini aliyajua.

Na ukishazipata glavu nzuri usiziue kwa mikono yako. Usiku toa bitana, itundike. Ngozi iache ikauke polepole, ijaze karatasi ndani, mbali na hita. Unakumbuka viatu vya wateja vilivyoanikwa kwenye mafiga wakati wa masika. Kila zikikauka vizuri, zipake nta ya nyuki, ipashe kwanza kwa kiganja ilainike, uisugue sana kwenye mishono, kule ndiko maji yanakoingilia. Kidogo kidogo. Ukijaza nta nyingi ngozi haipumui na mkono unatoa jasho. Nimenunua nta kwa mama mmoja wa Kitangari, safi, haina sukari wala takataka, nikipata mtu wa kuja huko nitakufungia bonge. Sindano na uzi wa nailoni wa kupaka nta nunua huko huko. Ukiona uzi mmoja umekatika, shona jioni ile ile. Unajua kushona kuliko Issa, ingawa yeye ndiye anayeketi kibandani.

Zipo kampuni nzuri. Nimeonyeshwa moja ya Uswidi, Hestra, ilianza mwaka 1936 ikiwashonea wakata miti, baadaye ndipo wenye ski wakazitaka. Nimependa hilo, kwamba ilianzia kwa watu wa kazi. Najua ni ghali. Sisemi ununue hizo, nasema ujue ngozi ya mbuzi iliyoshonwa vizuri inakaaje, uingie dukani uzishike, halafu utafute za bei yako zinazokaribia. Hata zilizotumika, kama uzi umesimama na ngozi haijapasuka, mimi na wewe hatushindwi kuzifufua.

Hapa sokoni nimeulizwa, "Fundi, mtoto wa kike wa Newala anafuata nini kwenye barafu?" Nikawajibu yupo binti aliyezaliwa Kilifi, Sabrina Simader, akakulia huko huko Austria, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya baridi kule Korea Kusini, ameteremka kwenye theluji hiyo hiyo. Wakanyamaza. Sikuwaambia kwamba wewe unasomea uhandisi wa maji na hiyo ni kazi ya likizo tu, nitawaambia siku nyingine. Mimi roho inanidunda kila nikisema jina la chuo chako, sitaki kuwapa yote mara moja. Lakini usije ukaanza kupenda fedha za mlimani ukaacha vitabu. Nimesema mara moja, sirudii.

Mnada wa juzi korosho zetu zimo, malipo bado hayajaingia. Mwaka huu mikorosho ya bondeni imezaa sana na ile ya nyuma ya nyumba imekauka nusu, salfa tulichelewa kupuliza. Bati la jikoni linavuja pale pale, fundi anataka hela kwanza, mimi nataka kazi kwanza, tunatazamana. Tangi tumelipata, lita 2,000, mama yako ameliweka upande wa mashariki ingawa mfereji wa bati uko magharibi, usimwulize kwa nini. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, jike na dume.

Mjomba wako wa Tandahimba amekasirika kwamba hukumpigia kabla ya kukubali kazi. Ana haki, ni mjomba. Mpigie Ijumaa baada ya swala, uanze na salamu ndefu, usianze na habari zako. Yeye ndiye aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya tiketi, na hatakutajia, kwa hiyo wewe mtajie.

Malipo ya korosho yakiingia nitakutumia kitu cha kuongezea kwenye glavu. Usinirudishie kama ulivyofanya mara ile, ukimwambia Issa eti hela zimekwama. Nilijua. Mama yako anasema ununue na mafuta ya kupaka mikono, yasiyo na maji mengi, upake usiku.

Picha ijayo nipigie kiganja, siyo mgongo wa glavu, karibu na dirisha, mwanga uingie kwenye mshono wa gumba. Tuma kabla ya Alhamisi jioni, maana Ijumaa asubuhi nakwenda Tandahimba na simu ya Issa inabaki hapa.

Baba yako